Penati mbili ambazo hazikua penati: mwaka wangu wa kwanza kuchezesha mechi za sekondari Kigoma

Mwaka wa kwanza kuchezesha mechi za sekondari nilipungua kilo nne, nikapoteza urafiki na maticha wawili na daluga pea moja, daluga ziliibiwa wakati naoga. Naandika hii kwa ajili ya walimu wenzangu mnaoanza msimu huu maana najua jinsi mlivyopatikana, kikao cha walimu wa michezo kimefika mwisho, watu wana njaa, mwenyekiti kauliza nani atachezesha, mtu wa nyuma kasema "huyu ajira mpya si anaonekana ana pumzi", basi ikaandikwa kwenye muhtasari. Mimi ndo ilikua hivohivo. Nafundisha Jografia shule moja ya kata upande wa Mwandiga, mpira nimecheza wa mchangani tu namba tatu, na nilikua naamini kabisa kwamba mtu aliyeangalia mpira miaka ishirini sheria anazijua. Hajui kitu.

Mechi yenyewe ya kwanza ilikua ya kirafiki tu, shule zinajiandaa na UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ngazi ya kata. Uwanja una mteremko, upande mmoja unaliona ziwa kwa mbali, upande wa pili shamba la muhogo, mistari imechorwa kwa majivu na magoli hayana nyavu. Dakika kama ya 20 straika kamzunguka kipa, kausukuma mpira taratibu unaenda golini wenyewe, watu washaanza kushangilia, mara katoto ka miaka kama sita kalikokua kamekaa nyuma ya goli kakachomoka kakaupiga teke ule mpira kabla haujavuka mstari. Kelele zikakata. Wote wakanigeukia mimi. Nikawaza haraka haraka, huu ulikua unaingia huu, haki ya mtu isipotee, nikanyoosha mkono kati. Goli.

Sio goli asee. Mpira lazima uvuke mstari wote, na mtu wa nje akiuzuia kabla ya hapo unasimamisha mchezo na kuanza kwa mpira wa kudondosha, na tangu mabadiliko ya 2019 ikitokea ndani ya boksi unamdondoshea kipa. Yaani yule yule kipa aliyepigwa chenga ndo anapewa mpira mkononi. Najua inauma, ningekua shabiki hapo ningerusha chupa, ila ndo sheria ilivyo. Kocha wa timu iliyofungwa alikua anaijua, mapumziko akanifuata na kijitabu kimechakaa, ukurasa kaukunja tayari. Nikamwambia basi mwalimu wangu nalifuta hilo goli. Akacheka mpaka akashika kiuno. "Huwezi kulifuta, mpira si ulishaanza kati?" Kumbe uamuzi ukishaanzisha mchezo tena haurudi nyuma. Kwahiyo nilikosea mara moja na nilikua njiani kukosea mara ya pili, tena kwa moyo mweupe kabisa.

Tangu siku ile kabla ya mechi yoyote nazunguka nyuma ya magoli yote mawili, watoto, wauza karanga, wauza miwa, mbuzi, wote nawasogeza, na namkabidhi mwalimu wa zamu wa shule mwenyeji awaweke mbali. Nyavu kama hakuna naomba hata nyavu chakavu za dagaa, kwa Kigoma hizo hazikosekani. Goli lisilo na nyavu ni ugomvi uliopangwa, mpira umepita pembeni ya nguzo kwa ndani au kwa nje, utaapa nini?

Baada ya ile aibu nikaenda kozi ya waamuzi daraja la tatu. Ilinitoboa kama laki na ishirini ukijumlisha ada, nauli na kula, na shule haikurudisha hata mia maana fungu la michezo lilikua limeshanunua jezi. Kozi ilinisaidia, sio siri. Sheria ziko 17 na ukizisoma kwa utulivu utagundua nusu ya unayobishana nayo kijiweni hayamo. Mfano kuotea hakupo kwenye mpira wa kurusha, wala goli kiki, wala kona. Mfano mwingine bega sio mkono, mkono unaanzia usawa wa chini ya kwapa, hiyo waliinyoosha vizuri 2020, na ishike maana nitairudia huko chini kwa machungu. Na zinabadilika kila mwaka, ukisoma mara moja ukaridhika unaachwa, 2025 wameleta ya kipa kushika mpira zaidi ya sekunde 8 inakua kona, refa unanyoosha mkono juu unahesabu tano za mwisho kwa vidole. Jaribu kuieleza hiyo kwa mashabiki wa mechi ya kata.

Mkufunzi wetu alikua mzee mmoja, refa wa zamani, anaongea kidogo. Kila tukimaliza kujadili tukio anasema hivi, "Kosa likishatoka limetoka, usilitafutie ndugu." Tuliandika wote kwenye daftari. Mimi nilipigia na mstari chini.

Vifaa. Nunua filimbi mbili, ile isiyo na kipira ndani, yenye kipira ikiingia mate na vumbi la Juni inagoma unapuliza inatoa upepo mtupu huku mtu kavunjwa mguu. Saa mbili pia, moja unaisimamisha moja unaiacha itembee. Kadi weka mifuko tofauti, njano kifuani nyekundu nyuma, sababu ukiwa na hasira mkono unachukua ya karibu. Hizi kadi zenyewe zilianza kutumika Kombe la Dunia 1970, kabla ya hapo refa alikua anaongea kwa mdomo tu, hapa kwetu ungeongea mpaka magharibi. Na posho usiitegemee, mechi moja mimi nilikua napewa elfu kumi, boda kwenda na kurudi elfu sita, maji elfu moja, hesabu mwenyewe kilichobaki.

Washika vibendera ni stori nyingine. Ngazi ya kata mara nyingi huna waamuzi wasaidizi, unapewa mwanafunzi mmoja kila upande, na mimi mwanzoni niliwaambia waonyeshe kila kitu mpaka kuotea. Kosa kubwa. Mtoto wa kidato cha pili ananyanyua kibendera dhidi ya timu ya shule yake, jioni anarudi nao kwa mguu kilomita tano, unategemea nini? Mmoja alinyanyua kwa haki kabisa, nilikuja kusikia bwenini hakulala kwenye godoro lake. Siku hizi nawaambia kazi yenu moja tu, mpira umetoka au haujatoka basi, mengine ni ya kwangu. Nawaambia mbele ya makocha wote wawili ili mtoto awe na pa kujifichia.

Kitu kingine ambacho hakuna kozi itakufundisha ni kwamba hawa watu unaishi nao. Refa wa ligi kuu anapuliza anapanda ndege, wewe kesho asubuhi uko sokoni Mwanga unanunua nyanya na anayekuuzia ni mama yake namba 10 uliyempa nyekundu. Mimi nilishauziwa nyanya zilizooza chini ya fungu na nikanyamaza. Halafu usinywe soda ya mtu. Niko serious. Mwalimu mmoja tulisoma naye chuo alininunulia soda kabla ya mechi, joto lilikua kali nikanywa, timu yake ikashinda mbili bila, magoli safi kabisa hamna utata, lakini mpaka leo kuna watu wakiniona wananiita Fanta. Beba maji yako.

Mamluki nao. Utafuatwa dakika tano kabla ya mechi, "refa, yule namba 9 sio mwanafunzi yule, anaendesha boda stendi, ana mtoto". Mara ya kwanza nilijifanya hakimu, nikamuita kijana nikaanza kumuuliza mwalimu wako wa Baiolojia ni nani, mechi ikachelewa saa nzima na kumbe kijana ni mwanafunzi kweli, ana ndevu tu mapema. Sio kazi yako hiyo. Kagua fomu na picha kama zipo, anayelalamika aandike rufaa kwa kamati, wewe andika kwenye ripoti kwamba umeambiwa, puliza filimbi. Ila kinachohusu usalama hapo usimsikilize mtu, hereni, mkufu, saa, bangili vyote vinatoka, hata kama ni bangili ya bibi. Kwenye mechi za wasichana nilimkuta ticha anawalazimisha mabinti wavue hijabu eti sheria hairuhusu. Inaruhusu, tangu 2014, ilimradi isiwe na pini wala kitu cha kumuumiza mtu. Wale mabinti walicheza na hijabu zao na wakawafunga wenzao nne, nilifurahi kimoyomoyo japo refa hatakiwi kufurahi.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya niandike.

Ilikua nusu fainali, hatua ya kuchagua timu ya kwenda wilaya. Waamuzi tulikua watatu tu kwa mechi zote za siku ile, mmoja akaugua malaria, kwahiyo ile ilikua mechi yangu ya tatu tangu asubuhi na tumboni nina chapati mbili na chai ya saa moja. Hapo ndo kosa la kwanza na halihusiani na filimbi, nilitakiwa kusema siwezi. Kwenye kipimo cha kozi tulikimbia mita 75 na kutembea 25, mara 40, nikajiona mwamba, lakini kipimo ni asubuhi moja umekula umelala. Mechi ya tatu miguu inakudanganya, unaona unakimbia kumbe unatembea kwa haraka.

Njano na bluu, nitaziita kwa jezi. Bila bila mpaka kipindi cha pili. Bluu wakapata kona, mpira ukapigwa nje ya boksi, mtu akaurudisha kwa shuti, mimi muda huo nilitakiwa niwe karibu na boksi nipo hatua chache tu kutoka kwenye duara la kati, nimeshika kiuno. Vumbi limetimka. Nikasikia paa, nikasikia uwanja mzima "mkonooo". Nikapuliza. Filimbi ilitangulia jicho, sina maelezo mengine.

Yule beki wa njano hakunizonga. Wenzake wote walinizonga, yeye alikuja polepole akageuka akanionyesha bega. Ule uwanja ni wa udongo mwekundu na mpira ulikua umeubeba, kwenye jezi ya njano juu kabisa ya bega kulikua na alama ya duara, nyekundu, imekaa pale kama muhuri wa serikali. Niliiona. Na penati ilikua haijapigwa bado, kisheria nilikua na nafasi ya kubadilisha, nadondosha mpira mchezo unaendelea, ningezomewa na bluu dakika mbili basi. Lakini nilikua nimeshaonyesha kidole kwenye doa mbele ya watu kama mia tano na walimu wakuu wawili, nikaona nikirudi nyuma sitaheshimiwa tena. Nikamwambia rudi nyuma kijana. Penati ikapigwa, moja bila.

Kuanzia hapo nikawa sichezeshi mpira, nachezesha dhamira yangu. Kila mpira ukielekea boksi la bluu moyo unaniambia sasa, sasa. Nikawa nawapa njano faulo za katikati ambazo hazipo. Dakika kumi na mbili mbele straika wa njano akaingia boksi, beki yuko pembeni yake hata hajamgusa, straika kajikwaa kwenye kisiki cha nyasi kaanguka, na hata yeye hakuomba kitu alikua anajikung'uta magoti. Nikapuliza penati. Straika mwenyewe alinishangaa. Moja moja.

Nilijisikia vizuri asee, niseme ukweli. Kama dakika tatu nilijisikia mwepesi kabisa, nikaona mizani imekaa sawa. Halafu nikatazama uwanja nikaona hakuna hata upande mmoja unaofurahi. Njano wananiona mwizi niliyeogopa, bluu wananiona mwizi tu. Wachezaji wakaacha kucheza wakaanza kujirusha, maana wameshajua refa ananunulika kwa kuanguka, ndani ya robo saa nilitoa kadi za njano tano, na mmoja wakagongana vichwa kwenye kugombania mpira wa juu, damu, nikausubiri mpira utoke badala ya kusimamisha palepale. Kichwa hakisubiri, simamisha hata kama mtu yuko anaenda kufunga. Yule mtoto walimuwahisha hospitali kwa boda akashonwa na alipona, lakini zile sekunde nazikumbuka kuliko penati zenyewe.

Ikaenda matuta, bluu wakatolewa.

Baada ya hapo ni yale ya kawaida, nimefungiwa ofisi ya walimu mpaka kagiza kameingia, nje wanafunzi wanaimba wimbo wenye jina langu na wa shule yangu wamo. Ndo siku daluga ziliondoka. Hapa nikupe la vitendo, kabla mechi kubwa haijaanza panga utakavyoondoka, boda awe amegeuza pikipiki tayari upande wa njia, begi lako liwe kwa mtu mmoja unayemuamini, na usipite katikati ya mashabiki kuonyesha kwamba huogopi. Ogopa tu.

Nikiwa bado humo ofisini mlango ukagongwa, kapteni wa bluu kaletwa na mwalimu wake kusaini karatasi ya mechi. Kijana mrefu, fomu foo, kwahiyo kwake UMISSETA ilikua imeishia pale. Akaniamkia shikamoo mwalimu, nikaitikia, akasaini, akabaki kasimama.

"Mwalimu naomba kuuliza. Ile penati yetu uliona au ulisikia?"

Nikamwambia nilisikia.

"Na ile yao?"

Sikujibu. Akatingisha kichwa kidogo, kwa adabu kabisa, akasema, "Basi yao hukuona na wala hukusikia," akatoka. Mwalimu wake alijifanya anatafuta kalamu.

Usiku nikaandika ripoti. Penati ya kwanza, kuunawa mpira. Penati ya pili, kumsukuma mshambuliaji. Iko kwenye faili huko mpaka leo na sahihi yangu chini, uongo mara mbili. Ukikosea ni kheri uandike tukio kama lilivyokua, nimekuja kuona waamuzi wazoefu wanaandika hivyo na mbingu haziwaangukii. Mimi sikuandika. Njano walienda wilayani wakatolewa mechi ya kwanza tu, kwahiyo hata ile fidia yangu haikumsaidia mtu.

Nilitaka kuacha. Nikampigia yule mkufunzi mzee, nikamsimulia yote hadi ile alama ya bega. Akanyamaza muda nikajua simu imekata. Akaniuliza, "Ulikua umbali gani?" Nikasema kama mita arobaini. Akasema "Basi kimbia," akaniambia nisalimie nyumbani. Nilikasirika kidogo, nilitegemea mawaidha marefu. Lakini kuanzia wiki ile nikawa naamka saa kumi na moja, barabara ya vumbi mpaka lami na kurudi, siku nne kwa wiki, na nikajiwekea masharti mawili, mechi mbili kwa siku mwisho, na nikisikia "mkonooo" nahesabu moja moyoni kwanza kabla mkono haujapeleka filimbi mdomoni. Sekunde moja tu, ni ndefu ajabu. Humo ndani unaweza kujiuliza, nimeona?

Msimu uliofuata nilipangiwa mechi huko juu ya Mwandiga, nikatoka kutafuta boda pale njia panda, kijana mmoja akavuta pikipiki mbele yangu, "mwalimu panda". Nikapanda kabla sijamtazama vizuri. Alikua kapteni wa bluu. Njia nzima hatukuongea zaidi ya matokeo yake ya fomu foo, alipata ila anasubiri kupangiwa, kwahiyo anaendesha ya shemeji yake. Kufika uwanjani nikadhani ataondoka, akapaki chini ya mwembe akaenda kusimama nyuma ya goli.

Kipindi cha pili mpira ukampiga beki ndani ya boksi, vumbi, uwanja mzima ukapiga kelele ile ile. Nilikua hatua sita. Nikahesabu moja, nikapunga mikono mchezo uendelee. Nilitukanwa matusi ambayo mengine ni ya Kiha na nayaelewa, kocha mmoja nikampa njano, siku hizi na wao wanapewa, mechi ikaisha.

Kurudi kulikua kumeshaingia giza. Tumekaribia njia panda akapunguza mwendo, akaongea bila kugeuka.

"Ile ilimpiga kifuani."

"Kifuani," nikasema.

Tukafika, nikampa elfu mbili kama ya kwenda. Akaishika kwenye mwanga wa taa ya pikipiki akaitazama.

"Usiku ni elfu tatu mwalimu."